Gari la kifahari Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huwa nayasikia harusini, kwenye foleni ya kuosha magari na kwa simu za saa nne usiku kutoka kwa mtu aliyesimama yadi Ngong Road na tayari ana funguo mkononi. Nimeyapanga kutoka ya mwanzo hadi yale ya watu walioshanunua. Pale jibu moja linapotegemea lingine, nimekuelekeza badala ya kurudia.

## Misingi

Gari la kifahari ni lipi hasa? Prado imo?

Hapa nazungumzia Mercedes-Benz, BMW, Audi, Lexus, Volvo, Land Rover na Porsche. Prado kwa jina haimo, ingawa Nairobi inaheshimiwa kuliko nusu ya orodha hiyo. Mlinzi humfungulia mwenye Prado geti kabla hajapiga honi. Ukilala chini ya gari utaona kwamba Prado 150 na Lexus GX 460 ni ndugu wa tumbo moja, sawa na Land Cruiser 200 na Lexus LX 570.

Kati ya Mercedes, BMW, Audi na Lexus, lipi linadumu zaidi?

Lexus, na pengo si dogo. Utafiti wa uimara wa J.D. Power wa Marekani uliiweka ya kwanza mwaka 2023, 2024 na 2025.

Lakini usinunue gari kwa kuitegemea orodha hiyo peke yake. Utafiti ule huwahoji wenye magari ya miaka mitatu, na gari linaloteremka melini Mombasa mara nyingi lina miaka sita au saba. Huo ndio umri ambao mabomba ya plastiki ya mfumo wa maji yanaanza kupasuka, mpira wa bushi unakauka na betri inachoka. Nani wa pili na nani wa tano huko Marekani hakukusaidii sana. Kinachokusaidia ni kujua injini iliyomo, nani alilimiliki, na fundi gani wa hapa amewahi kuifungua injini hiyo zaidi ya mara moja.

Ukinibana nipange, nitasema Lexus, kisha Mercedes na BMW bega kwa bega, Audi nyuma yao kidogo kwa sababu ninazozieleza kwenye swali la injini za kuogopa. Land Rover naiweka kando kabisa. Ina swali lake mwishoni, la Range Rover.

Si Lexus ni Toyota tu iliyovalishwa suti?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, na hiyo ndiyo sababu ya kuipenda. Lexus ilianza Marekani mwaka 1989 na LS 400, lakini Japani kwenyewe nembo hiyo haikuuzwa hadi 2005. Kabla ya hapo Wajapani waliendesha magari yaleyale kwa majina ya Toyota: LS ikiitwa Celsior, IS ikiitwa Altezza, RX ikiitwa Harrier. Kwa hiyo Harrier zile za zamani zinazozunguka Buruburu ni Lexus RX zenye jina la nyumbani. Undugu huo ulikatika mwishoni mwa 2013, Harrier mpya ilipotoka ikiwa gari tofauti.

Faida yake unaiona siku ya spea. Lexus IS 250 ina injini ya 4GR-FSE, V6 (silinda sita) ya lita 2.5, ileile iliyomo ndani ya Toyota Mark X. Fundi wa Mark X unamjua, na hata kama humjui, jirani yako anamjua.

Mbona gari la Kijerumani linauzwa karibu bei moja na Toyota ya kawaida ya mwaka uleule?

Kwa sababu anayeliuza anajua kilicho mbele. Magari ya kifahari ya Ulaya hushuka bei haraka sana katika miaka mitano ya kwanza, huko kwao na hapa pia. Punguzo unalolifurahia ni hasara ya mwenye gari wa kwanza, na sehemu yake ni gharama ya matengenezo ambayo yeye ameikwepa kwa kuuza mapema. Simaanishi usinunue. Nasema tu pesa uliyookoa siku ya kununua bado ina mwenyewe; soma swali la kutenga pesa.

## Kuagiza na kukagua

Naruhusiwa kuagiza gari la mwaka gani, na ushuru unafikia kiasi gani?

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Mwaka 2026 maana yake ni 2019 kuja mbele.

Kwenye ushuru, kosa la kawaida ni kupiga hesabu kwa bei uliyolipa Japani. KRA, mamlaka ya mapato, haianzi na risiti yako. Inaanza na orodha yake ya bei za magari mapya, inapunguza kulingana na umri, na kupata thamani ya kutoza. Tuseme thamani hiyo ni shilingi 1,000,000 na injini ni petroli ya lita 2. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 25 ya thamani na forodha kwa pamoja: 337,500. VAT ya asilimia 16 juu ya vyote ni 270,000. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na ya reli, asilimia 2, zote za ile thamani ya kutoza, ni 45,000. Jumla 1,002,500. Serikali imenunua gari lake pembeni ya lako.

Injini ya petroli ikizidi cc 3,000 (lita 3) au ya dizeli ikizidi cc 2,500, ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 35 na jumla inafika 1,159,100 kwa thamani ileile. Ndiyo maana Mercedes ya lita 2 yenye turbo ina mantiki Kenya kuliko V6 ya lita 3.5 yenye nguvu zinazolingana.

Niagize kutoka Japani au Uingereza?

Japani, isipokuwa una sababu. Gari la Uingereza limepita barabara zinazomwagiwa chumvi majira ya baridi, na kutu hujificha chini, kwenye mikono ya suspensheni na mabomba ya breki. Japani pia kuna mikoa ya theluji, kwa hiyo omba picha za chini ya gari kote kuwili.

Uzuri wa Uingereza ni kumbukumbu: ukiwa na namba ya usajili, historia ya ukaguzi wa kila mwaka iko wazi bure kwenye tovuti ya serikali yao, pamoja na maili na kasoro alizoandika mkaguzi. Uzuri wa Japani ni kwamba gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miwili, na ukaguzi huo ni ghali kiasi kwamba wengi huuza gari likiwa bado zima.

Nitajuaje kama kilomita zimerudishwa nyuma?

Kwa gari la Japani, dai vitu viwili: karatasi ya mnada (ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani) na cheti cha kusafirisha nje, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Karatasi ya mnada ina daraja. Gari la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 lina makovu, na ukiona R au RA, lilishagongwa likatengenezwa. Muuzaji akikwambia karatasi ilipotea, basi na wewe potea.

Bila karatasi, tazama vinavyoshikwa kila siku. Usukani unaong'aa kama kisigino, ukingo wa kiti cha dereva uliolala, mpira wa kanyagio la breki ulioliwa upande mmoja. Dashibodi ikisema kilomita 48,000 na kanyagio likasema vingine, mimi husikiliza kanyagio.

Nikifika yadi, nikague nini kabla ya kulipa?

Piga simu jana yake na useme unataka gari lisiwashwe kabla hujafika. Kisha nenda mapema na fundi wako, si wa yadi.

Kuna gari moja la Kijerumani la aina ya saluni nililolipenda kupita kiasi, nembo yake naiacha. Tulifika saa mbili kasorobo asubuhi. Fundi wangu hakufungua mlango, hakutazama rimu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Bosi, hili limeshaamshwa," akasema. Boneti ilikuwa vuguvugu. Injini yenye mnyororo wa taimingi uliolegea hupiga kelele sekunde mbili tatu za kwanza, ikiwa baridi, halafu hunyamaza siku nzima. Aliyeiwasha kabla yetu alitaka tukose sekunde hizo. Fundi akafungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole ndani, akanionyesha utope mweusi mzito kama uji wa wimbi uliolala. Tukarudi Industrial Area tukanywa chai.

Baada ya kiganja na kidole, ndipo mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ikikuonyesha hakuna kosa hata moja, na pia kumbukumbu zote zimefutwa siku hiyohiyo, hilo nalo ni jibu. Magari ya Ulaya yana namba ya chesisi ya herufi na tarakimu 17. Iandike, itakusaidia kuagiza spea sahihi na kulinganisha na logibuku. Utafutaji wa kumbukumbu za gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, ufanye mwenyewe kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, usikubali ulioletewa umechapishwa.

## Injini na mafuta

Ni injini zipi za kuogopa?

Nyingi kati ya hizi ni za kabla ya mwaka unaoruhusiwa kuagizwa sasa, lakini ndizo zilizojaa soko la mitumba humu nchini kwa bei ya kutamanisha.

BMW N20, petroli ya lita 2 iliyokuwa kwenye 320i na X3 za 2012 hadi karibu 2015: miongozo ya plastiki ya mnyororo wa taimingi huvunjika na vipande huangukia kwenye sampu ya oili. Iliyoifuata, B48, ni tulivu zaidi, na ndiyo ningenunua. Dizeli ya N47 nayo mnyororo wake uko nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kwa hiyo kuufikia tu ni kazi ya kushusha vitu vizito.

Mercedes M271, ya C180 na C200 za toleo la W204: mnyororo huongezeka urefu na meno ya gia za kamshafti huisha. Sikiliza ikiwa baridi, kama nilivyoeleza kwenye ukaguzi.

Audi A4 ya toleo la B8 yenye injini ya EA888 ya kizazi cha pili: hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Kwenye Audi ndogo kama A1 na A3, giaboksi ya gia saba yenye klachi kavu, DQ200, haipendi kusogea hatua kwa hatua, na Mombasa Road saa kumi na mbili jioni haina mwendo mwingine.

Hata ile V6 ya Mark X na IS 250 niliyoisifu ina doa. Petroli yake hurushwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali, kwa hiyo masizi hugandana hapo. Ikianza kutetemeka ikiwa imesimama, anza na hilo.

Kuna tofauti kuweka petroli ya kawaida na ile ya daraja la juu?

Soma kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi. Injini nyingi za turbo za Ulaya huandikiwa okteni (kipimo cha petroli kutogonga ndani ya injini) 95 au zaidi, na zilizouzwa Japani huandikiwa petroli ya juu kwa Kijapani. Ukiweka ya chini haitakufa leo. Kompyuta itarudisha nyuma cheche ili isigonge, na utapoteza nguvu na kilomita kwa lita. Kama kibandiko kinasema 95, mimi naweka V-Power ya Shell au inayolingana nayo. Ukiona hiyo ni ghali, ujue vitu vingine vya gari hili ni ghali zaidi.

Dizeli je?

Kwa anayekwenda Nakuru au Mombasa kila wiki, ndiyo. Kwa anayetoka Kileleshwa kwenda Upper Hill na kurudi, hapana. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Kwenye foleni hakipati joto hilo, kinaziba, na gari linapunguza nguvu lenyewe. Kuna mafundi watakaokwambia wakitoboe. Tafuta barabara kwanza, nusu saa ya mwendo wa kasi ya wastani bila kusimama.

Kwa nini BMW ya lita 2 yenye turbo inapanda Limuru vizuri kuliko V6 isiyo nayo?

Hewa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ile V6 ya Mark X, ya farasi 203, inabaki na karibu 170 kabla hujaanza kupanda. Turbo hujazia hewa iliyokosekana. Jaribu magari hayo mawili Nairobi, si kwenye karatasi.

Muuzaji anasema oili ya giaboksi ni ya maisha. Kweli?

Maisha ya nani? ZF wa Ujerumani, wanaotengeneza giaboksi ya gia nane iliyomo kwenye BMW nyingi na Land Rover, wenyewe hupendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwa foleni zetu mimi hubadilisha kwenye 80,000. Oili ya injini naimwaga kila kilomita 7,000 au 8,000, hata kama dashibodi inasema nisubiri.

## Sura, ndani na barabara zetu

Lipi lina muundo mzuri zaidi?

Hapa nitagombana na watu. Kwa ndani, C-Class ya W205 ya 2014 iliwaacha wenzake mbali siku ilipotoka, lakini ile plastiki nyeusi ya kung'aa katikati huonyesha kila chembe ya vumbi, na Nairobi vumbi halina likizo. Baada ya mwaka wa kupangusa kwa kitambaa kikavu, imejaa mikwaruzo kama sufuria. Audi A4 B9 ni nadhifu kuliko zote na vifungo vyake vinakaa. Volvo, ambayo tangu 2010 ni mali ya Geely ya China, ina viti ambavyo mgongo wangu unavikumbuka, na taa za mbele zenye umbo la T lililolala, ziitwazo nyundo ya Thor, zilizoanza na XC90 hazijachuja. Lexus iliweka mdomo ule wa msokoto, yaani grili ya mbele iliyobanwa katikati, kuanzia 2012. Nilichukua miaka mitano kuuzoea.

Mercedes iliyozeeka vizuri kuliko zote ni W124, ya mbunifu Bruno Sacco. Ipo moja huegeshwa karibu na soko la Kariokor, imepauka, na bado mlango wake ukifungwa hutoa sauti ya kabati la benki.

Nichukue yenye suspensheni ya hewa na rimu kubwa?

Rimu za inchi 19 na tairi jembamba zinapendeza hadi shimo la kwanza la msimu wa mvua. BMW nyingi pia hutumia tairi zinazoweza kwenda bila upepo, kwa hiyo hazina tairi la akiba. Ukipasukiwa Mtito Andei usiku utajua maana yake. Shuka hadi inchi 17. Bampa za michezo nazo hukwaruza kila tuta la mtaani.

Suspensheni ya hewa ni mifuko ya mpira, na mpira una umri. Gari likilala limeinama pembe moja asubuhi, mfuko unavuja. Usiposhughulikia, kompresa hufanya kazi kupita kiasi hadi nayo iungue, na unalipia viwili.

## Gharama na thamani

Nitenge pesa ngapi baada ya kununua?

Kanuni yangu kwa gari la Ulaya la miaka saba ni asilimia 15 hadi 20 ya bei ya kununua, iwe benki kabla ya kuchukua funguo. Kwa Lexus nusu ya hiyo hutosha. Gari langu la kwanza la Kijerumani nililinunua kwa pesa yote niliyokuwa nayo, hadi ya bima nikakopa. Mwezi wa pili pampu ya maji ya umeme ilikufa. Spea ilichukua wiki tatu kufika, na wiki hizo tatu nilipanda matatu nikiwa na funguo za gari la kifahari mfukoni.

Spea nipate wapi?

Kirinyaga Road na Industrial Area vina karibu kila kitu cha Mercedes, BMW na Lexus. Volvo utasubiri. Jifunze kutofautisha: iliyo na nembo ya gari, ileile kutoka kiwanda kilichoitengeneza bila nembo, ya kuiga, na mtumba wa Japani. Ya pili ndiyo yenye akili, kwa mfano pedi na vichujio. Mtumba ni sawa kwa taa, milango na vioo. Usinunue mtumba wa pampu ya maji wala wa kitu chochote cha mpira.

Vioo vya pembeni vinaibwa kweli?

Ndiyo, na vya magari haya ndivyo vinavyotakiwa. Chonga namba ya gari kwenye kioo siku ileile ya usajili.

## Yasiyo ya kawaida

Range Rover iliyoshuka bei hivi, nichukue?

Kama ni gari lako la pekee, hapana. Hakuna kinachokaa kama Range Rover kwenye barabara mbovu, na nimeshawishika mara mbili. Lakini dizeli za V6 za lita 2.7 na 3.0 zinajulikana dunia nzima kwa krenki kukatika, na hapo huzungumzii spea tena, unazungumzia injini. Kama una Toyota nyingine nyumbani na pesa ya swali la kutenga mara mbili, furahia.

Cayenne ya zamani kwa bei ya Harrier?

Ile ya kwanza yenye V8 ina mabomba ya maji ya plastiki yaliyofichwa chini ya manifoldi. Uliza kama yamebadilishwa kuwa ya alumini, na utake risiti. Habari njema ni kwamba imejengwa pamoja na Volkswagen Touareg, na baadhi ya spea ni zilezile kwa bei ya Volkswagen.

Hybrid ya Lexus ikifikisha miaka minane, betri inakufa?

Mara nyingi inakosa hewa kabla ya kufa. Betri hupozwa na feni yenye tundu karibu na kiti cha nyuma. Vumbi na nywele za mbwa huliziba, nayo huchemka. Kila huduma, safisha hapo. Fundi anayetaka kubadilisha betri nzima bila kupima seli moja moja, mshukuru uondoke.

Redio yangu haishiki Classic 105. Imeharibika?

Haijaharibika. FM ya Japani huanzia 76 na kuishia 90, au 95 kwa magari mapya, wakati yetu inakwenda hadi 108. Kwenye Toyota, kifaa kidogo cha kuhamisha masafa kinamaliza kazi kwa bei ya chakula cha mchana. Kwenye gari la Kijerumani redio imefungamana na kompyuta ya gari, kwa hiyo mtafute fundi wa programu aibadilishe nchi kutoka Japani. Anachukua dakika ishirini. Mwambie akiwa hapo abadilishe na lugha, maana sauti ya yule dada wa Kijapani anayekuonya kila ukiwasha gari haizimiki kwa kitufe.